Mzigo Uliopimwa: Mlo na Mazoezi ya Nguvu kwa Mifupa ya Wazee

Katika familia nyingi za Afrika Mashariki heshima anayopewa mzee huonekana kwanza katika vitu anavyopokewa: ndoo hubebwa na mjukuu, kapu la sokoni huchukuliwa na binti, na mama aliyezoea kupanda kilima kila alfajiri huambiwa akae barazani, kila kitu ataletewa. Desturi hiyo ina uungwana wake na haistahili kubezwa, lakini ina hasara ambayo hutajwa mara chache, kwa kuwa mfupa wa binadamu huhifadhi uimara wake kwa kulemewa, na ukikosa mzigo huanza kujipunguza. Hoja ya makala haya ni kwamba mzee hapaswi kuondolewa mzigo bali kubadilishiwa: ule usio na kipimo, unaomkuta amechoka na mgongo umepinda, uachwe, na mahali pake uwekwe mzigo uliopimwa, unaoongezwa kidogo kidogo, huku mlo ukiupatia mwili malighafi ya kuujibu.

Mfupa ni tishu hai, inayobomolewa na kujengwa upya muda wote wa uhai. Kazi ya kubomoa hufanywa na chembehai ziitwazo osteoklasti, ambazo huyeyusha mfupa mkuukuu na kuachia madini yake yaingie katika damu. Kazi ya kujenga hufanywa na osteoblasti, ambazo hutandaza nyuzi za protini iitwayo kolajeni, kisha nyuzi hizo hujazwa fuwele za kalisiamu na fosifeti. Aina ya tatu, osteositi, imezikwa ndani ya mfupa wenyewe, na ndiyo inayohisi kupindika kudogo kunakotokea mfupa unapolemewa na kutoa ishara ya kuongeza ujenzi au kuupunguza. Hadi mtu afikie umri wa miaka 25 au 30 ujenzi huushinda ubomoaji. Baada ya hapo viwili hivyo hulingana kwa muda, kisha hasara huanza kutangulia. Kwa mwanamke badiliko kubwa huja hedhi inapokoma, kwa sababu homoni ya estrojeni, iliyokuwa ikizizuia osteoklasti, hushuka ghafla, na katika miaka mitano hadi saba inayofuata anaweza kupoteza sehemu ya kumi, na wengine hata sehemu ya tano, ya mfupa wake. Mwanamume hupoteza polepole zaidi, lakini naye hupoteza.

Kwamba uimara wa mfupa hufuata mizigo inayoupitia ni jambo lililoelezwa mwaka 1892 na daktari mpasuaji wa Berlin, Julius Wolff, na karne iliyofuata ilileta ushahidi kutoka mahali ambapo yeye hakuweza kupafikiria: wanaanga, ambao wakiwa angani miili yao haiwalemei, hupoteza takribani asilimia 1 hadi 1.5 ya madini ya mfupa wa nyonga kila mwezi, ingawa ni watu wenye afya wanaolishwa kwa vipimo vya wataalamu. Mzee anayelazwa wiki kadhaa kwa homa ya mapafu, au anayewekwa kitini tangu asubuhi hadi jioni kwa kuonewa huruma, yumo katika hali ya jinsi hiyohiyo, japo kwa kiwango kidogo zaidi.

Hasara hiyo ikizidi huitwa osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kupungua madini na kuwa na vitundu vingi kiasi cha kuvunjika kwa tukio dogo. Shirika la Afya Duniani liliuwekea mpaka mwaka 1994: mtu huhesabiwa kuwa nao ikiwa wingi wa madini katika mfupa wake uko chini ya wastani wa vijana wenye afya kwa mikengeuko sanifu 2.5 au zaidi. Kipimo chenyewe hufanywa kwa mashine maalumu ya miali iitwayo deksa, ambayo katika Afrika Mashariki hupatikana kwa shida nje ya miji mikubwa, ilhali eksirei ya kawaida haioneshi upungufu mpaka karibu theluthi ya madini iwe imekwisha potea. Ugonjwa huu hauumi. Maumivu ya magoti asubuhi, ambayo wazee wengi huyaita ugonjwa wa mifupa na kuyatibu kwa bamia na mlenda ili kurudisha ute, mara nyingi ni maradhi ya viungio na si ya mfupa, na mtu anaweza kuwa na magoti mazima kabisa huku nyonga yake imekonda. Dalili zinazofaa kuangaliwa ni nyingine: urefu uliopungua kwa sentimita 4 au zaidi, mgongo uliopinda mbele bila sababu inayojulikana, na kifundo cha mkono, pingili ya uti wa mgongo au nyonga iliyovunjika kwa kuanguka tu kutoka wima. Nyonga ndiyo ya kuogopwa kuliko zote, kwa sababu hata katika nchi zenye hospitali nzuri takribani mtu mmoja kati ya watano hadi mmoja kati ya wanne waliovunjika nyonga hufariki kabla ya mwaka kuisha.

Kuhusu chakula, mahali pa kuanzia ni kalisiamu, madini ambayo mwili huyahitaji pia kwa mapigo ya moyo na kazi ya neva, kiasi kwamba yakipungua katika damu huchukuliwa kutoka mifupani bila kusubiri. Kipimo kinachopendekezwa Marekani ni miligramu 1,000 kwa siku kwa watu wazima, na miligramu 1,200 kwa wanawake waliopita miaka 50 na kwa kila mtu aliyepita miaka 70. Glasi moja ya maziwa ya ng’ombe ya mililita 250 hutoa takribani miligramu 300, na mtindi hutoa kiasi kinachokaribiana na hicho, tena ukivumiliwa vizuri zaidi na wale ambao maziwa mabichi au ya kuchemsha huwajaza gesi, kwa kuwa katika kuganda sehemu ya sukari ya maziwa iitwayo laktosi huliwa na bakteria. Hata hivyo chakula ambacho ukanda huu umejaliwa, na ambacho wengi hukitazama kama cha kuhemea tu mwezi unapokuwa mgumu, ni dagaa. Dagaa wa Ziwa Victoria, ambao Kenya huitwa omena, na dagaa wa Kigoma huliwa pamoja na mifupa yao, na ndiyo maana gramu kwa gramu dagaa wakavu huyapita maziwa kwa mbali katika kalisiamu, huku wakileta protini nyingi kwa bei ambayo nyama haiwezi kuifikia. Mzee asiye na meno anaweza kusagiwa unga wake, vijiko viwili vikachanganywa katika mboga au maharage bila ladha kuharibika, mradi dagaa wameoshwa mchanga na, kama walihifadhiwa kwa chumvi, wamelowekwa na maji yakamwagwa.

Ulezi, au wimbi, unazishinda nafaka nyingine zote za kawaida kwa kalisiamu, ukiwa na zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100 za nafaka kavu, jambo ambalo mahindi na mchele havikaribii. Kuna kizuizi kimoja: nafaka ina fiteti, kemikali inayoyashika madini na kuyapitisha tumboni bila kufyonzwa. Bibi walioulowesha ulezi, wakauotesha kuwa kimea au kuuchachusha kabla ya kuupika uji walikuwa wakikipunguza kizuizi hicho, na ni hasara kwamba unga wa dukani umeiondoa hatua hiyo jikoni. Mboga za majani nazo hazifanani. Spinachi na mchicha vina kalisiamu nyingi vikipimwa maabara, lakini pia vina oksaleti, chumvi ya asidi inayoifunga kalisiamu hiyo, na katika spinachi mwili huambulia takribani asilimia 5 tu ya ile iliyomo. Sukuma wiki, kabichi na jamaa zao hazina oksaleti ya kutisha, na kalisiamu yao hufyonzwa vizuri sawa na ya maziwa au zaidi. Mchicha usiachwe, kwa kuwa una faida nyingine nyingi, ila usihesabiwe kuwa ndio unaojenga mfupa. Supu ya mifupa na ya makongoro, inayosifiwa kila kona ya mji kuwa tiba ya mifupa, hutoa kalisiamu kidogo sana, kwani madini hayatoki mfupani kwa kuchemshwa na maji matupu. Anayeipenda na ainywe kwa utamu wake, kisha ale na dagaa.

Ukali wa vipimo vya Marekani hauna budi kutazamwa kwa uangalifu, kwa sababu uchunguzi wa miaka mingi katika kijiji cha Keneba nchini Gambia umeonesha wanawake wanaopata miligramu 300 hadi 400 tu kwa siku maisha yao yote, na ambao mivunjiko ya nyonga miongoni mwao ni michache kuliko Ulaya. Wanawake hao walilima, walitwanga, walibeba, na jua halikuwakosa. Funzo la busara si kwamba kalisiamu haina kazi. Ni kwamba mzee wa Dar es Salaam au Nairobi aliyehamia ghorofani, akaacha kinu na shamba lakini akabaki na chai ya rangi na mkate, ana upungufu wa Keneba bila kazi ya Keneba.

Protini ndiyo inayosahauliwa zaidi. Karibu nusu ya ujazo wa mfupa ni protini, na misuli inayouvuta mfupa ni protini pia, lakini wazee wengi, kwa kukosa meno, hamu au fedha, huishia kwenye uji, chai na ugali wenye mchuzi. Kipimo cha gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, kinachotumika kwa watu wazima kwa jumla, huonwa na wataalamu wengi wa lishe ya uzee kuwa kidogo, nao hupendekeza gramu 1.0 hadi 1.2; kwa mama mwenye kilo 60 hiyo ni gramu 60 hadi 72 kwa siku. Yai moja lina takribani gramu 6, glasi ya maziwa gramu 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15, na kipande cha samaki cha gramu 100 kama 20. Ni vyema kiasi hicho kigawanywe katika milo mitatu badala ya kurundikwa usiku, kwa sababu misuli ya mzee huhitaji dozi kubwa zaidi katika mlo mmoja ili iamke. Anayefunga Ramadhani atafanya vyema kuweka mayai au maharage na mtindi kwenye daku, asiiache futari ya mihogo na vitumbua ibebe kazi yote. Mwenye ugonjwa wa figo, kwa upande wake, asiongeze protini kabla ya kuzungumza na daktari.

Nguvu ya mlo wa kawaida ilipimwa Australia katika nyumba 60 za kutunzia wazee zenye wakazi 7,195, ambako nusu ya nyumba ziliongezewa maziwa, mtindi na jibini mpaka kalisiamu ikafika takribani miligramu 1,142 na protini gramu 1.1 kwa kilo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionesha kwamba, katika miaka miwili, mivunjiko yote ilipungua kwa asilimia 33, ya nyonga kwa asilimia 46, na hata kuanguka kwenyewe kukapungua kwa asilimia 11. Kilichoongezwa kilikuwa chakula, si kidonge.

Vitamini D, inayouwezesha utumbo kufyonza kalisiamu, hutengenezwa na ngozi inapopigwa na jua. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya damu vya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha ya asili, wakakuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha 50 ambacho chini yake wengi huhesabu kuwa ni upungufu. Kuishi karibu na ikweta hakumtoshi mtu peke yake, kwani jua lisiloigusa ngozi halina faida, na ngozi ya mzee hutengeneza vitamini hii kwa udhaifu kuliko ya kijana. Anayeshinda ndani ya nyumba, mwanamke wa Muscat anayekimbia joto kutoka nyumba yenye kiyoyozi kwenda gari lenye kiyoyozi, na Mswahili aliyestaafia London, ambako jua la miezi ya baridi halina miali inayohitajika na ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi, wote wako hatarini. Kwa hao kidonge cha uniti 800 kwa siku kina mantiki: katika nyumba za wazee za Ufaransa, wanawake 3,270 waligawanywa, nusu wakapewa uniti 800 pamoja na miligramu 1,200 za kalisiamu, na ripoti ya mwaka 1992 ilionesha mivunjiko ya nyonga imepungua kwa asilimia 43 miongoni mwa waliovimeza mfululizo. Kwa wasio na upungufu hali ni tofauti, kwa kuwa utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha watu 25,871 ulibaini mwaka 2022 kwamba uniti 2,000 kila siku hazikuwapunguzia mivunjiko. Na dozi kubwa za mkupuo ni za kuepukwa kabisa: wanawake wa Australia waliopewa uniti 500,000 mara moja kwa mwaka walianguka na kuvunjika zaidi kuliko wasiopewa.

Chumvi nyingi huifanya kalisiamu itoke mwilini kwa njia ya mkojo, na tumbaku na pombe nyingi huzilemaza osteoblasti, hayo yanajulikana. Lisilosemwa vya kutosha ni madini ya floraidi katika maji ya Bonde la Ufa. Katika maeneo ya Arusha, kama vile Maji ya Chai na Ngurdoto, na katika sehemu za Bonde la Ufa upande wa Kenya, maji ya visima na vijito huwa na floraidi inayozidi kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, nayo ikinywewa miaka mingi huingia katika fuwele za mfupa na kuufanya mzito kwenye kipimo lakini mwepesi kuvunjika, huku viungio vikikakamaa. Kuchemsha hakuiondoi, bali huizidisha kadiri maji yanavyopungua. Mkaa wa mifupa, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeushughulikia kwa miaka mingi, huinasa. Familia ya maeneo hayo yenye vijana wa meno ya kahawia, alama ya floraidi hiyo, ichukulie kwamba mifupa ya wazee wake imeonja maji yaleyale, itafute maji ya mvua au yaliyochujwa kwa kunywa na kupikia, na iache kulainishia maharage kwa magadi, ambayo nayo mara nyingi hubeba floraidi.

Malighafi ikiwapo, mfupa bado husubiri sababu ya kuitumia. Si kila mwendo unaotoa sababu hiyo. Majaribio ya wanyama yameonesha kwamba mfupa huitikia mzigo unaokuja na kuondoka kuliko uliotulia, mzito kuliko mwepesi, wa mwelekeo usiozoeleka kuliko wa kila siku, na kwamba marudio machache hutosha: mwaka 1984 iliripotiwa kwamba mfupa wa bawa la ndege uliolemewa mara 36 kwa siku ulinufaika sawa na uliolemewa mara 1,800. Baada ya hapo osteositi huacha kusikia kwa saa kadhaa, na kuendelea ni kuchosha misuli bure. Ndiyo maana waendesha baiskeli na waogeleaji hodari hawana mifupa minene kuliko watu wengine, na ndiyo maana kutembea, kunakostahili sifa zote kwa ajili ya moyo na sukari, huongeza kidogo sana kwa mfupa wa mtu ambaye ametembea maisha yake yote.

Hapo pia ndipo pa kujibu dai kwamba mwanamke wa kijijini hahitaji mazoezi kwa kuwa ameshalima. Jembe la mkono na fagio fupi humweka mtu saa nyingi akiwa amekunja mgongo, kwa nguvu ndogo inayorudiwa mara maelfu, yaani karibu kinyume cha kila sharti lililotajwa. Na kukunja huko, kwa mtu ambaye pingili zake zimekwisha konda, hubana ukingo wa mbele wa pingili mpaka ukasagika. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1984 kuhusu wanawake wenye osteoporosisi ya uti wa mgongo ulikuta kwamba waliopewa mazoezi ya kunyoosha mgongo kuelekea nyuma walipata mivunjiko mipya kwa asilimia 16, ilhali waliopewa ya kuinamia mbele walipata kwa asilimia 89. Idadi yao ilikuwa ndogo, lakini tofauti ya namna hiyo haipuuzwi. Fagio lenye mpini mrefu kwa mzee ni dawa ya bei nafuu.

Kwamba mwili wa uzeeni bado huitikia mzigo mzito hakuna shaka tena. Mwaka 1990 madaktari wa Boston waliripoti habari za wazee kumi dhaifu wenye umri wa miaka 86 hadi 96, waliofanyishwa mazoezi makali ya misuli ya mapaja kwa wiki nane, na nguvu za waliomaliza zikaongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kuhusu mfupa wenyewe, utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2018 uliwachukua wanawake 101 waliokoma hedhi na wenye mifupa iliyopungua, ukawagawa wengine kwenye mazoezi mepesi ya nyumbani na wengine kwenye vipindi viwili vya nusu saa kwa wiki vya kunyanyua uzito kutoka chini, kuchuchumaa na uzito, kusukuma uzito juu ya kichwa, na kuning’inia kisha kujiachia kutua kwa kishindo. Kila zoezi la kunyanyua lilikuwa na seti tano za marudio matano, kwa uzito unaozidi asilimia 85 ya ule ambao mtu angeweza kuuinua mara moja tu. Baada ya miezi minane wenye mazoezi mepesi walikuwa wamepoteza asilimia 1.2 ya mfupa wa kiuno, na wenye mazito wameongeza asilimia 2.9. Jeraha lililohusishwa na mazoezi hayo mazito lilikuwa moja tu, mkazo mdogo wa misuli ya kiuno. Lakini wanawake hao walisimamiwa na wataalamu na walianza na mwezi wa kujifunza mkao kwa uzito mdogo, na anayechukua vyuma vyao bila kuchukua subira yao hatapata matokeo yao.

Kwa nyumba isiyo na vyuma, dumu la maji ni kifaa kizuri kuliko vingi vinavyouzwa, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, na uzito unaweza kuongezwa kwa kikombe. Mzee huanza bila dumu: huketi kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, husimama bila kusukuma kwa mikono, kisha hurudi kuketi polepole kwa hesabu ya tatu, mara nane, hupumzika dakika mbili, hurudia mara mbili zaidi. Akiweza hivyo kwa wepesi kwa wiki mbili au tatu, hukumbatia dumu la lita 3 kifuani, baadaye la 5. Zoezi la pili, ambalo lina manufaa kuliko yote na huharibiwa kirahisi kuliko yote, ni kunyanyua kutoka chini: dumu huwekwa juu ya kigoda ili asilazimike kwenda mbali, miguu hupanuliwa kwa upana wa mabega, makalio husukumwa nyuma kama mtu anayefunga mlango kwa nyuma yake, kifua hubaki mbele na mgongo umenyooka, dumu hushikwa karibu na mwili, na kusimama hufanywa kwa kusukuma ardhi kwa visigino. Mgongo ukianza kupinda, uzito umezidi au kigoda ni kifupi. Zoezi la tatu ni kusukuma ukuta kwa viganja, kisha meza, kwa ajili ya kifundo cha mkono na bega. La nne ni kupanda kidato na kushuka, mguu mmoja mmoja, ukiwapo ukuta wa kushikilia. Na la tano ni kusimama kwa vidole huku ameshika kiti, kisha kuangusha visigino kwa kishindo kidogo, mara kumi, kwa wale ambao hawajavunjika pingili.

Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha, kukiwa na siku ya kupumzika katikati. Uzito unaofaa ni ule unaomwacha mtu, mwisho wa marudio manane, akihisi kwamba angeweza kuongeza mawili tu. Akihisi angeweza kuongeza kumi, anajifurahisha, na mfupa haujasikia kitu. Pumzi isizuiwe, hutolewa wakati wa kuinua, kwa sababu kuizuia huipandisha presha ghafla. Uchovu wa misuli wa siku moja au mbili ni wa kawaida. Maumivu makali ya ghafla ya mgongo, ya kifua au ya kiungio ni amri ya kuacha na kupimwa. Mwenye presha isiyotulia, aliyepata kiharusi hivi karibuni, au aliyewahi kuvunjika pingili hana budi kuonwa kwanza na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Mwislamu anayeswali rakaa 17 za faradhi kila siku kwa kusimama, kurukuu na kusujudu ana hazina ya kujua kushuka chini na kuinuka ambayo wazee wengi wa Ulaya wameipoteza, ingawa uzito wa mwili usiobadilika hauwezi kushika nafasi ya mzigo unaoongezeka. Na ambaye daktari amemkataza kuinama ana ruhusa ya kiti, aitumie.

Kwa kuwa zaidi ya mivunjiko tisa kati ya kumi ya nyonga hutokana na kuanguka, dakika tano za kila siku za mizani ya mwili hazipaswi kukosekana: kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, kutembea kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Ndani ya nyumba, ndala zilizolegea zibadilishwe na viatu vyenye kisigino kilichoshikwa, njia ya kwenda msalani iwekwe taa, sakafu ya bafu isiachwe na povu. Mtoto wa jicho, anayemzuia mzee kuona njia vizuri, huondolewa kwa upasuaji mfupi, na dawa za usingizi au za presha zinazomtia mzee kizunguzungu anapoinuka kitandani zinaweza kubadilishwa na aliyeziandika.

Dawa nyingine hupunguza mfupa zenyewe. Predinisoloni ikitumiwa miezi mitatu au zaidi ni mojawapo. Tenofoviri, iliyomo katika tembe ambazo watu wengi wenye virusi vya Ukimwi katika Afrika Mashariki humeza kila siku, hushusha kidogo madini ya mfupa katika mwaka wa kwanza au wa pili kisha hasara hutulia. Hakuna anayepaswa kuziacha kwa sababu hiyo; linalofaa ni kumwambia daktari, ili mlo, mazoezi na, ikibidi, aina ya dawa vitazamwe pamoja. Aliyekwisha vunjika mfupa kwa kuanguka kutoka wima ana hatari karibu maradufu ya kuvunjika tena, na kufunga plasta na kumrudisha nyumbani ni nusu ya tiba. Huyo huulizia kipimo cha deksa kikiwapo, na dawa kama alendroneti, ambayo humezwa mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha mtu akabaki wima nusu saa ili isiuchome umio. Na mfupa ukishaunga, hurudi kwenye kiti chake cha mazoezi na dumu tupu, akaanza tena kujaza kikombe kwa kikombe.